Boliti Nne za Kichwa

Inspekta Nekane Loidi alipofika, damu ilikuwa imeshaoshwa, na hilo lilimuudhi kuliko manyunyu yaliyomlowesha tangu kwenye gari.

"Nani kaosha hapa?"

"Mimi," alijibu Marisol Egurrola, meneja wa karakana, mwanamke wa miaka hamsini na ushei. Ufagio ulikuwa bado mkononi. "Watu ishirini na wawili wanapita hapa, Inspekta. Ulitaka wakanyage damu ya Maisu?"

"Nilitaka wasipite kabisa."

Marisol aliuegemeza ufagio ukutani.

Mashine ilikuwa ya kuchonga chuma, ya kijani, ndefu kumpita mtu. Kichwa chake, lile pande zito lenye mota juu na kisu chini, kilikuwa kimelala upande wa kushoto. Juu ya meza ya mashine, kulikuwa na kipande cha chuma kilichobanwa katikati ya meno ya jiriwa. Kisu kilikuwa kimekichonga vizuri kwa urefu wa kiganja, laini kama kioo, kisha kikazama ghafla na kuvunjika. Kibanzi kimoja cha kisu hicho, saizi ya punje ya mchele, wakati huo kilikuwa hospitalini, ndani ya jicho la kushoto la Eusebio Gallastegi.

Eusebio alikuwa na miaka sitini na mitatu, na arobaini na minne kati ya hiyo alikuwa ameimalizia katika karakana hii ya mji wa Elgoibar, kaskazini mwa Hispania. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Katika bonde lile, mtu aliyekufundisha kazi unamwita Maisu, na nusu ya mafundi wa mle ndani walipita mikononi mwake.

Konstebo Zigor Amias alikuwa amesimama juu ya kigoda, glavu mikononi, anamulika nyuma ya kichwa cha mashine kwa tochi.

"Boliti zinazokishika kichwa ni nne, Afande," alisema. "Tatu mbele, moja huku nyuma, chini ya kifuniko cha mikanda. Zote zimelegea. Hizi za mbele nazizungusha kwa vidole."

"Zimelegea kwa kiasi gani?"

"Robo mzunguko, ukitazama alama za kukazia. Kila moja robo, sawasawa."

"Mtu akisahau kukaza, husahau zote nne, tena sawasawa?"

"Yule msichana anaweza kusahau chochote," ilisema sauti nyuma yao.

Msemaji alikuwa Beñat Osoro, fundi wa miaka arobaini na moja, mwenye mabega ya mbeba mawe. Ovaroli yake ya bluu ilikuwa na damu iliyokauka toka kifuani hadi magotini.

"Wewe ndiye uliyemkuta?" Nekane aliuliza.

"Ndiye mimi. Nilimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari la wagonjwa. Sikumruhusu mtu mwingine amguse."

"Ovaroli hiyo nitaihitaji."

"Hii sivui." Beñat aliitazama. "Ni damu yake."

"Ndiyo maana naihitaji. Zigor, mpe mfuko. Msichana gani huyo?"

"Ainhize. Hii ni mashine yake. Ana kidude chake cha umeme. Anakichomeka pale panapokaa kisu, anaangalia kioo, dakika mbili, basi, 'kichwa kimenyooka'. Mimi na Maisu tunatumia geji ya mshale na mkono. Nusu saa, siku nyingine saa nzima. Lakini ukimaliza, kila boliti umeihisi. Huwezi kuisahau. Ukiacha kidude kikufikirie, matokeo ndiyo haya."

"Na Maisu alikuwa anafanya nini kwenye mashine ya Ainhize alfajiri yote hiyo?"

Beñat aliitazama mashine. "Labda alikuja kukagua makosa yake," alisema. "Maisu hukagua."

*

Ainhize Urkiola alikaa peke yake kwenye chumba cha kahawa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na alikuwa amehamia karakana hii kutoka Bilbao miezi minane iliyopita. Mbele yake kahawa ya maziwa ilikuwa imefanya utando, na kipande cha kimanda cha viazi hakikuguswa.

"Jana jioni wewe ndiye uliyesawazisha kichwa cha mashine?" Nekane aliuliza.

"Ndiyo. Leo saa nne walikuwa waje wateja kutoka Ujerumani, kuniangalia nikichonga kipande chao cha kwanza. Nilitaka nikifika nianze tu."

"Boliti ulizikaza?"

"Nilizikaza."

"Zote nne?"

"Zote nne, Inspekta. Na usiniamini mimi. Iulize geji yangu ya umeme. Kila nikipima, inaweka kumbukumbu. Saa, tarehe, namba, na herufi ya aliyepima."

"Iko wapi?"

"Kwenye sanduku lake, kabatini kwangu."

Sanduku lilikuwa kabatini. Ndani yake mlikuwa na sponji nyeusi iliyokatwa kwa umbo la geji, na geji yenyewe haikuwemo. Ainhize alilitazama shimo lile, rangi ikamtoka usoni.

Zigor aliagizwa afungue makabati ya mafundi, moja moja, kila mwenyewe akiwa amesimama kando. La Eusebio lilifunguliwa na Marisol. Chini ya mkate wa soseji aliofungiwa na mkewe, ndani ya taulo, Zigor alitoa geji.

Minong'ono ilipita ukumbi mzima. Marisol alimvuta Inspekta pembeni.

"Basi mambo yako wazi," alisema kwa sauti ya chini. "Sikutaka kuyasema mwanzo, kwa heshima ya mzee. Miaka arobaini na minne, mashine ikigoma anaitwa yeye. Wateja wakija wanamtafuta yeye. Kaja huyu binti na geji yake, sasa wageni wanapita mbele ya mzee kama wanapita kando ya nguzo. Ilimchoma, Inspekta. Kile kidude alikiita kichezeo cha watoto."

"Mbele ya watu?"

"Kila siku ya Mungu. Leo kaja alfajiri, kaiba geji, kalegeza boliti ili binti aumbuke mbele ya Wajerumani. Mtego ukamnasa mwenyewe."

"Mtu anatega mtego, halafu anauwasha mwenyewe na kuinamia karibu?"

"Labda alikuwa anaujaribu."

"Miaka arobaini na minne kwenye mashine, halafu anajaribu kwa jicho lake," Nekane alisema. "Hebu niitie Ainhize."

*

Geji ilikuwa kipande cha chuma kirefu kama upawa wa supu, chenye shina katikati la kuingia mahali pa kisu. Kila ncha ilikuwa na kidole kidogo cha kugusa meza ya mashine. Juu yake palikuwa na kioo chenye namba mbili, ya kushoto na ya kulia.

"Namba zikiwa sawa, kichwa kimesimama wima juu ya meza," Ainhize alieleza. "Zikitofautiana, kimeinama, na kumbukumbu huandika tofauti yake. Ni hayo tu. Maisu alifanya kazi hiyohiyo kwa mshale mmoja, akiuzungusha huku na huku kwa mkono na kukigonga kichwa kwa nyundo ya mpira."

"Nionyeshe jana."

Ainhize alibonyeza. Mistari ilijipanga kwenye kioo.

"Saa kumi na moja na dakika thelathini na tano jioni, sifuri. Hapo nimesawazisha, boliti bado hazijakazwa. Dakika tatu baadaye, mbili, yaani sehemu mbili za mia za milimita. Hapo nimekaza."

"Kwa nini imebadilika?"

"Ukikaza, kichwa kinasogea. Lazima kisogee, hata kiwe cha mashine mpya. Kwa hiyo unalegeza, unakiinamisha kidogo upande wa pili kwa makusudi, unakaza tena. Hii hapa, dakika arobaini na nne, sifuri. Hiyo ndiyo ya mwisho. Nimekaza, imetulia, nimechomoa geji, nimeondoka saa kumi na mbili."

"Kwa hiyo namba zenyewe zinaonyesha ulikaza."

"Kwa anayezijua, ndiyo."

"Na ya leo asubuhi?"

Ainhize alishuka mstari mmoja. Akausoma, akausoma tena.

"Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tisa. Herufi E." Aliinua macho. "Tatu. Inspekta, hii si sawa. Kichwa kimelala na sifuri, kimeamkaje na tatu?"

"Wewe niambie."

"Boliti zilikuwa zimeshalegezwa. Zikiachia, kichwa kinarudi kule kilikovutwa. Hakianguki papo hapo, kuna meno ndani yanayokizuia. Kinangoja kisu kiingie kwenye chuma. Hapo ndipo kinapokwenda."

"Maisu alipima kabla ya kuanza, na alipopima boliti zilikuwa tayari zimelegea."

"Ndiyo."

Nekane alinyoosha kidole kwenye kioo. "Herufi E iko mara nyingi humu. Jumanne, Alhamisi. Jumanne, Alhamisi. Huyu ni mtu aliyekiita kichezeo cha watoto?"

Ainhize alisukuma kikombe cha kahawa mbali.

"Aliniapisha," alisema. "Miezi miwili iliyopita alinifuata kule nje kwenye maegesho, anaangalia huku na huku kama mwizi. 'Binti, nifundishe hicho kidude, na ukimwambia mtu nakukana.' Nikampa ufunguo wa kabati langu. Jumanne na Alhamisi anakuja alfajiri, anajifunza kwenye mashine yangu, anachonga kipande cha chuma chakavu, kabla watu hawajafika anafagia vumbi la chuma. Mchana ananitukana kama kawaida."

"Kwa nini asijulikane?"

"Sikumuuliza. Nilifikiri ni aibu ya mzee."

Kutoka ukumbini Zigor alimwita Inspekta. Alikuwa amejaribu spana zote za saizi ile zilizoning'inia ubaoni.

"Za mbele hazina shida, Afande. Hii ya nyuma haifikiki. Spana inagonga kifuniko. Lazima kifuniko kitolewe, na kina skrubu sita, zote zimepakwa rangi juu. Rangi haijapasuka hata kidogo. Kifuniko hiki hakijafunguliwa miaka."

Nekane alimgeukia Ainhize. "Jana wewe uliikazaje?"

Ainhize aliingiza mkono mfukoni, akatoa spana iliyopindwa shingo kama mguu wa kuku. Aliipitisha nyuma ya kifuniko bila kuangalia. Ikaingia kwenye boliti ya nne, tak.

"Hii hainunuliwi. Maisu aliipinda mwenyewe kwa moto, zamani. Ndiyo aliyokuwa akiitumia. Wiki tatu zilizopita alinipa, wakati wa kahawa, watu wote wapo. Akasema, 'Chukua, mimi na boliti ile tumechokana.'"

"Watu walicheka?"

"Walicheka." Alifikiri kidogo. "Si wote."

"Jana ulilala nayo wapi?"

"Nyumbani. Iko kwenye koti langu la pikipiki siku zote."

"Unajua nyingine ya namna hii?"

"Sijui nyingine."

Zigor alikagua tena kabati la Eusebio, koti lake, na bahasha ya vitu ambavyo hospitali ilivitoa mifukoni mwake. Funguo, kitambaa, karata moja ya kuchezea. Spana ya kupinda haikuwemo.

"Basi mzee hakulegeza," Zigor alisema. "Hakuwa na cha kulegezea."

Nekane alikuwa ameshafika mlangoni, penye saa ya kugonga kadi. Alizitoa kadi zote kwenye vishubaka, akazipanga juu ya meza ya mlinzi, akaanza kusoma.

*

Hospitali ilikuwa dakika kumi kwa gari. Eusebio alikuwa amelazwa chali, nusu ya uso imefungwa bendeji. Mikono yake, minene na yenye makovu ya vipande vya moto, ilikuwa juu ya shuka.

"Andika mimi," alisema kabla Nekane hajavuta kiti. "Nilizilegeza mimi, nikasahau kukaza. Uzee. Andika, nisaini, uende zako."

"Ulilegeza boliti ya nyuma kwa nini, Mzee? Kwa meno?"

Jicho moja la Eusebio lilimtazama.

"Ulipima dakika thelathini na tisa," Nekane aliendelea. "Ukapata tatu."

"Nikapata tatu." Alishusha pumzi. "Kwa chuma chakavu, nikaona tatu si kitu. Mtoto wa mwaka wa kwanza ningemzaba kofi kwa hilo. Sikujiuliza ile sifuri ya binti imekwenda wapi."

"Kwa nini ulikuwa unajifunza kwa siri?"

Mzee aligeuza uso upande. Nje ya dirisha mvua ilikuwa imeongezeka.

"Septemba Marisol anachagua msimamizi wa ukumbi," alisema. "Anataka mtu anayejua mkono na anayejua kidude. Binti anajua kidude, mkono bado. Beñat ana mkono kunishinda mimi. Nilimchukua ana miaka kumi na saba, hajui hata kushika tupa. Sasa ukimfunga macho anakwambia kichwa kimeinama wapi. Lakini kidude hataki kukigusa. Kufundishwa na msichana? Afe kwanza. Nikasema, basi, nitajifunza mimi, halafu nitamfundisha mimi. Kutoka kwangu atakubali. Siku zote amekubali kutoka kwangu."

"Ulimwambia?"

"Ningemwambia nikishajua. Mwalimu hafundishi asichokijua."

"Na spana yako ukampa Ainhize mbele yake."

"Si ilikuwa ya kazi! Binti angefikiaje boliti ya nyuma? Beñat hana cha kununa, yake ni bora kuliko ile, nilimtengenezea chuma kizuri zaidi, nika..."

Alikatisha. Vidole vyake vilishika shuka.

"Ahsante, Mzee," Nekane alisema.

"Sikusema kitu."

"Nimesikia."

"Inspekta." Sauti ilikuwa imepungua. "Yule alinibeba. Alilia njia nzima. Usimwandike vibaya."

*

Saa nane na nusu mchana Beñat aliitwa ofisini kwa Marisol. Alikuwa amevaa ovaroli ya kuazima, fupi mikononi. Zigor alisimama mlangoni. Juu ya meza palikuwa na spana moja ya kupinda.

Beñat aliiona kabla hajaketi.

"Hii ni ya Ainhize," Nekane alisema. "Kapewa na Maisu."

"Najua. Wote tulikuwepo."

"Ni kitu cha pekee, eti. Nilimuuliza kama ipo nyingine. Akasema hajui nyingine."

"Hajui?" Beñat alicheka kwa pua. "Atajuaje? Amefika juzi. Ameshakuwa mrithi, sivyo? Mtoto wa Maisu!" Mkono ulizama mfukoni mwa suruali, ukatoka na spana, akaibamiza juu ya meza kando ya ile. "Itazame. Miaka ishirini na miwili! Hizi herufi hapa, B na O, alizigonga mwenyewe, mimi nimeshika taa. Ile yake ina herufi? Haina. Ile ni chuma cha kutupwa tu."

"Ni nzuri zaidi, kweli," Nekane alisema. "Unawaazima wenzako?"

"Kamwe."

"Hata Maisu?"

"Maisu alikuwa na yake. Hii hata mke wangu hajawahi kuishika."

"Jana ulikuwa nayo?"

"Iko nami kila siku."

"Na leo asubuhi?"

"Si nimekwambia, kila..."

Beñat alizitazama spana mbili zilizolala meza moja. Aliunyoosha mkono kuichukua yake, lakini wa Nekane ulitangulia, ukaisogeza upande wa Zigor.

"Boliti ya nyuma haifikiwi ila kwa hizi mbili," Nekane alisema. "Moja ililala nyumbani kwa Ainhize. Jana Ainhize alitoka saa kumi na mbili kamili. Wewe kadi yako uliigonga kumi na mbili na dakika ishirini, wa mwisho kabisa. Dakika ishirini peke yako ukumbini. Na tangu Januari unaingia saa moja kamili, hukosei. Leo umegonga saa kumi na mbili na dakika hamsini. Kwa nini?"

Beñat aliikodolea macho spana yake.

"Kwa nini leo, Beñat?"

"Nilikuja kuzikaza," alisema.

Zigor alifungua daftari.

"Usingizi ulinikataa. Nilitaka kisu kilie tu. Wageni wamesimama, kamera zao mkononi, kisu kinalia, kipande kinaharibika, na kidude kinasema sifuri, sifuri. Wacheke. Arudi kwao Bilbao. Asubuhi nikafikiri, kisu kikivunjika je? Nikachukua gari bila hata kunywa kahawa. Nikasema nikifika kabla ya watu, nakaza, hakuna anayejua." Alijipangusa uso kwa mkono mfupi wa ovaroli. "Nilimsikia kabla sijafungua mlango. Alikuwa anaita. Alikuwa anaita jina langu, Inspekta. Hakujua kama nipo. Aliita tu."

"Ulichelewa kama dakika tano."

"Dakika tano nilizokaa kwenye taa nyekundu ya darajani, barabara tupu. Jicho?"

"Limekwenda."

Beñat aliinamisha kichwa. Baadaye akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini alifuata nini pale? Pale kwa yule?"

Nekane alimwambia. Alimwambia habari ya Jumanne na Alhamisi, ya geji ndani ya taulo, ya Septemba. Alimrudishia maneno ya mzee kama yalivyosemwa, bila kuongeza.

"Ajifunze kwa yule," Beñat alisema taratibu, "aje anifundishe mimi."

"Hivyo."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekwambia, ungekubali?"

Beñat aliomba karatasi. Zigor alimsomea maelezo, yeye akasahihisha sehemu moja tu: boliti ya nyuma aliilegeza chini kidogo ya robo. Akasaini.

Walimtoa kupitia ukumbini, kwa kuwa njia nyingine hakuna. Mtu wa kwanza aliyewaona alizima mashine yake, wa pili naye, mpaka ukumbi mzima ukawa kimya, na mvua ikasikika juu ya mabati. Marisol alisimama mlangoni mwa ofisi, mkono mdomoni. Ainhize alikuwa kando ya mashine ya kijani, iliyozungushiwa utepe wa polisi.

Beñat alisimama mbele yake. Zigor alimshika kiwiko, Nekane akamwashiria amwache.

"Ni kweli ulimfundisha wewe?" Beñat aliuliza.

"Ndiyo."

"Alikuwa anakusikiliza?"

"Alikuwa mbishi. Kila kitu alikipinga kwanza."

"Mimi hakuwahi kunibishia," Beñat alisema. "Miaka ishirini na nne. Nilikuwa nasema ndiyo, yeye anasema fanya." Alimtazama msichana kutoka juu hadi chini, kama mtu anayetafuta pale alipozidiwa. "Mlikuwa mnacheka?"

"Mara nyingine."

"Kuhusu nini?"

"Beñat," Nekane alisema. "Twende."

"Anijibu tu. Mlikuwa mnacheka kuhusu nini?"

Zigor alifungua mlango mkubwa, wakatoka kwenye mvua, na Beñat akaenda mpaka kwenye gari akiwa amegeuza shingo nyuma.